Nyuma ya gari la dragi: tairi likandamizwe, lakini litulie

Gari la dragi, yaani la mbio fupi za mstari ulionyooka, likiteleza wakati wa kuondoka, wengi hukimbilia tairi pana zaidi au kupunguza upepo. Mimi huanzia kwenye fimbo nne zinazoshikilia ekseli ya nyuma.

Pima mahali bolti zake zilipo, dereva akiwa amekaa kwenye kiti, kisha chora gari kwa ubavu. Endeleza mstari wa fimbo ya juu na wa fimbo ya chini kuelekea mbele mpaka ikutane. Sasa piga mstari kutoka pale tairi la nyuma linapogusa ardhi, upitie kwenye makutano hayo hadi usawa wa ekseli ya mbele. Mstari ukifika hapo kwa kimo sawa na kitovu cha uzito wa gari, hiyo ni asilimia 100 ya kuzuia kuchuchumaa (anti-squat): nyuma haichuchumai wala hainyanyuki. Ukiwa juu zaidi, bodi inanyanyuka na ekseli inasukumwa chini kwa nguvu. Ukiwa chini, gari linachuchumaa.

Makutano hayo hayaongezi uzito unaohamia nyuma, na hili hupotosha mafundi wengi wazuri. Gari la kilo 1,500, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 50 juu na ekseli zikiachana mita 2.7, likichapuka kwa 1 g (sawa na mvutano wa dunia) huhamishia nyuma takriban kilo 278, upende usipende. Unachobadilisha ni njia: mzigo ukipita kwenye fimbo hufika papo hapo, ukipita kwenye springi huchelewa.

Kwa hiyo rekodi video ya tairi kwa ubavu, uitazame polepole. Likijikunja sana halafu likajinyoosha ghafla na kuanza kuzunguka bure, pigo la kwanza limezidi. Kaza kwanza shokapu za nyuma upande wa kutanuka. Isipotosha, hamisha fimbo tundu moja la bolti ili asilimia ishuke, ujaribu tena. Tafadhali usiguse upepo siku hiyo hiyo; hutajua kilichosaidia ni kipi.

Tairi la kulia lina kesi yake. Kwa injini inayozunguka upande wa kawaida, propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma) huisokota ekseli na kulipunguzia tairi hilo mzigo. Fupisha fimbo ya juu ya kulia kidogo kidogo mpaka michirizi miwili kwenye lami ilingane weusi, kisha pima upya mwinamo wa pua ya difu, pale inapoungana na propela shafti, maana nayo husogea. Mimi huiacha imeinama digrii 1 hadi 2 chini ya mstari wa propela shafti.