Je, wajua kwa nini skranchi ya naitidresi kuukuu inashinda raba mpya ya dukani?

Jumamosi moja mtoto wa dada yangu alikuja kwangu nywele zimefungwa na raba, zile nyembamba za rangi rangi zinauzwa pakiti nzima kwa pesa kidogo, na kuitoa ikawa vita, imejiviringa kwa nywele mpaka tukaikata na makasi na bado ikatoka na kishungi. Akalia kidogo, akapangusa macho, alafu akaniuliza swali zuri sana: "Anti, kwani raba na hiyo yako ya kitambaa si zote ni za kufunga tu nywele?" Hiyo yangu ilikuwa skranchi, lastiki iliyovishwa kitambaa cha makunyanzi, niliyoshona na naitidresi kuukuu ya mamangu.

Tofauti iko, na ni kubwa.

Unywele mmoja ukiuangalia kwa hadubini sio laini vile unadhani, umefunikwa na magamba madogo sana yamelaliana kama vigae vya paa, na yote yanaelekea upande wa ncha. Raba tupu inang'ang'ania, haiteleze, so ukiivuta inakwaruza yale magamba, mengine yanainuka, mengine yanabanduka kabisa, na hapo ndipo unywele unaanza kupasuka. Nywele zetu za kipilipili ziko na mzigo wa ziada kwa sababu zinajipinda pinda, kila mpindo ni mahali padhaifu, alafu mafuta ya ngozi ya kichwa yanashindwa kuteremka kwa hizo kona zote mpaka ncha zinabaki kavu, na kitu kikavu hukatika haraka.

Kuna pia mambo ya kubana. Kama umewahi kubeba ndoo ya maji yenye mkono wa waya, na Nairobi hii ni nani hajabeba, unajua vile waya inakata vidole. Zungushia tambara huo mkono, maji ni yale yale, uzito ni ule ule, lakini maumivu yanapungua kwa sababu uzito umetawanyika. Raba ni waya, skranchi ni waya yenye tambara.

Sasa kwa nini satini? Watu wengi wanadhani satini ni aina ya uzi, kumbe ni aina ya ufumaji. Kitambaa cha kawaida uzi unapita juu ya mmoja unaingia chini ya mmoja, juu chini, juu chini. Kwa satini uzi unaruka juu ya nyuzi nne ama zaidi ndio uingie chini mara moja, so juu panabaki nyuzi ndefu zimelala sambamba, ndio maana inang'aa na ndio maana unywele unateleza bila kunaswa. Tena satini nyingi za mtumba ni poliesta, na poliesta hainywi maji: ikikaa tu kwa hewa ya kawaida inashika unyevu kama asilimia 0.4 ya uzito wake, pamba inashika kama asilimia 8. Pamba ni nzuri kwa mwili wakati wa joto lakini kwa nywele inakunyonyea unyevu wenyewe ulikuwa unautafuta.

Hiyo nguo huhitaji kununua mpya. Kwa masoko ya mtumba ya Gikomba ama Toi, ukingoja ile saa ya fagia, yaani mabaki ya mwisho, kamera zote, zile nguo safi za kwanza, zimeshaenda, utapata blauzi za satini zenye doa ama zipu imekufa, hakuna mtu anazitaka, na kwa kazi yetu doa tunakata tunatupa. Nguo kuukuu pia imeshafuliwa mara nyingi, ile rangi ilikuwa itoke imeshatoka. Ukitaka kujua ni hariri ya kweli ama poliesta, kata uzi mdogo uuchome juu ya sinki: poliesta inayeyuka inakuwa kidonge kigumu, hariri inanuka kama nywele zimeungua na majivu yake yanavunjika kwa vidole. Inanuka hivyo kwa sababu hariri na nywele zote ni protini. Mimi nikiipata hariri ya kweli kwa fagia huwa nafurahi siku nzima.

Kwa kushona kuna kitu napenda sana: mkono wa blauzi tayari ni bomba, mshono mmoja umeshafanyiwa. Ukiwa mpana sana upunguze ubaki sentimita kumi hivi ukiukunja flati, na kama ni mfupi unga mikono miwili upate karibu sentimita 50. Lastiki kata kama sentimita 20. Kitambaa lazima kiwe zaidi ya mara mbili ya lastiki kwa sababu lastiki itavutika na kitambaa hakivutiki, kikikosa nafasi mshono unaachia, na yale makunyanzi ndiyo godoro lenyewe la nywele. Pitisha lastiki na pini, funga fundo mara mbili alafu ulishone juu yake, geuza ncha moja ya bomba iingie ndani, ingiza ile nyingine humo, shona. Cherehani ikikosa sindano ya mkono inatosha.

Lastiki tu ndio usiokoe kutoka nguo ya zamani. Mpira unazeeka kwa hewa, joto na mafuta, na ya zamani itavutika mara mbili tatu ibaki imelegea hivyo hivyo. Nunua mpya kwa mita.

Na unajua skranchi yenyewe ilizaliwa kutoka nguo ya kulala? Mmarekani Rommy Revson, mwimbaji wa vilabu vya usiku, aliangalia kiuno cha suruali yake ya kulalia, lastiki ndani ya kitambaa, akaona hiyo inaweza kushika nywele. Alipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi wake, mwaka wa 1987.

Kitu kimoja muhimu: hata satini ukiikaza kila siku, zile nywele za mbele kwa paji la uso zitang'oka na zikizoea kung'oka zinaweza kukataa kurudi. Funga ilegee. Na baridi ya Julai ikifika, ile mavini, kofia ya sufu unayovaa asubuhi ukingoja matatu, ishonee satini kwa ndani, sababu ni ile ile ya magamba.

Yule msichana alishona ya kwanza na mkono, mshono umeenda upande kidogo, akaivaa hapo hapo. Alafu akauliza kama ule mkono mwingine wa blauzi anaweza kwenda nao, ako na rafiki darasani ambaye bado anafunga na raba.