Mkono, mgongo na gitaa: maswali ya wanaoumia wakipiga

Nimeanza kujifunza gitaa na vidole vinauma. Ni kawaida?

Ncha za vidole, ndiyo. Nyuzi za chuma hukandamiza ngozi laini, na baada ya wiki kadhaa ngozi hiyo huota sugu. Lakini maumivu ya kifundo cha mkono, kiwiko au bega, pamoja na ganzi vidoleni, ni jambo jingine kabisa. Wanafunzi wengi huambiwa wavumilie yote, na ushauri huo unaumiza watu. Kano na neva hazizoei kubanwa kama ngozi inavyozoea.

Kwa nini kifundo cha mkono wa kushoto ndicho kinacholalamika zaidi?

Kiganja kinapoanzia kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na utepe mgumu. Humo hupita kano tisa za kukunja vidole, pamoja na neva moja. Kifundo kikiwa kimenyooka, vyote hupata nafasi. Kikikunjwa sana, presha hupanda na neva hubanwa.

Jaribu sasa hivi: kunja kifundo kwa ndani kadiri uwezavyo, kisha funga ngumi. Haifungi vizuri, na haina nguvu. Hivyo ndivyo alivyo mpiga gitaa aliyelilaza gitaa mapajani ili avione vidole vyake. Nguvu aliyoipoteza kwa kukunja kifundo anaitafuta kwa kubana, na jioni mkono unawaka moto.

Basi niushike vipi?

Anza na gitaa lenyewe. Inua shingo yake ipande kidogo, kichwa cha gitaa kikaribie usawa wa bega, na kifundo kitanyooka bila kulazimishwa. Gumba likae nyuma ya shingo, karibu mkabala na kidole cha kati, liguse bila kukaba. Bonyeza uzi karibu kabisa na kile chuma kinachokatiza shingo. Ukibonyeza mbali nacho utatumia nguvu nyingi bure.

Kujua kiasi cha nguvu, piga noti moja, legeza kidole taratibu mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha ongeza kidogo tu. Hapo panatosha. Kwa zile kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, acha uzito wa mkono mzima uvute kuelekea nyuma, gumba lisifanye kazi peke yake. Na kama nyuzi zimeinuka mno kutoka kwenye shingo, mpelekee fundi azishushe. Kosa hapo si la mkono wako.

(Wanaopiga kwa kushoto wageuze tu mikono.)

Na mgongo?

Kaa kwenye kiti kisicho na sehemu ya kuegemeza mikono, nyayo zote chini, mabega yameshuka. Ukisimama, rekebisha mkanda ili gitaa likae palepale linapokaa ukiwa umeketi. Gitaa linaloning'inia karibu na magoti hupendeza jukwaani, lakini hukunja kifundo vibaya. Gitaa la besi huweza kufika kilo 4 au zaidi, kwa hiyo mpiga besi anayesimama ibada nzima au usiku kucha na bendi anahitaji mkanda mpana.

Nifanye mazoezi kwa muda gani?

Dakika 25 hadi 30, kisha pumzika 5. Hatari kubwa ni kuongeza muda ghafla, kama wiki ya mwisho kabla ya tamasha la kwaya.

Niende lini hospitali?

Ukiamshwa usiku na ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati. Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho na cha pete, mara nyingi neva imebanwa kiwikoni. Nenda pia ukianza kuangusha vikombe, au kidole kikijikunja chenyewe unapopiga hata kama hakiumi. Hicho usikiongezee mazoezi. Usimeze dawa za maumivu ili uendelee kupiga. Mwambie daktari kwamba unapiga gitaa na kwa saa ngapi, na umwonyeshe video yako ukipiga.