Vumbi lenye mionzi likishaingia mwilini linatolewaje? Maswali na majibu

Swali: Kupigwa na mionzi na kuingiwa na mionzi si kitu kilekile tu?

Hapana, na hapa ndo wengi wanachanganya. Ukipigwa eksirei ile mionzi inapita mwilini, ikishapita imepita, hubaki na kitu ndani na huwezi kumpa mtu mwingine. Sasa ukivuta vumbi lenye mionzi kwa pumzi, au ukala chakula kwa mikono yenye hilo vumbi, au likapenya kwenye kidonda, hapo chanzo chenyewe kimehamia ndani yako na kinaendelea kukupiga usiku na mchana mpaka kiishe nguvu au mwili ukitoe. Kwahiyo kazi kubwa ya tiba ni mbili tu, kukizuia kisijishikize kwenye viungo na kukisukuma kitoke haraka.

Swali: Mgonjwa akifikishwa hospitali wanaanza na dawa ya kutoa mionzi?

Wanaanza na uhai wake. Anapumua? Anavuja damu? Kavunjika? Mionzi ya ndani kwa kawaida haiui mtu ndani ya dakika, damu inayovuja inaua, na naomba hili lieleweke vizuri kwasababu kuna wagonjwa wanaocheleweshwa eti mpaka wapimwe mionzi kwanza, hiyo sio sahihi hata kidogo.

Akishatulia anavuliwa nguo zote taratibu bila kuzikung'uta, zinafungwa kwenye mfuko wa plastiki, na hapo tu sehemu kubwa ya uchafu wa nje, mara nyingi asilimia 80 mpaka 90, imeshaondoka. Vidonda vinasafishwa mapema na kufunikwa, alafu ngozi inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ila haisuguliwi kwa nguvu, maana ngozi ikichubuka umeshafungua mlango wa vumbi kuingia ndani. Wahudumu wanavaa glavu, barakoa na gauni, wakifanya hivo kiasi cha mionzi wanachopata kutoka kwa mgonjwa huwa kidogo sana. Hakuna sababu ya kumkimbia.

Swali: Wanajuaje kama imeingia ndani na ni mionzi ya aina gani?

Wanapitisha pamba kwenye kila tundu la pua, mapema kabisa kabla hajaoga wala hajapenga, ili kuona kama alivuta vumbi. Alafu wanakusanya mkojo wa masaa 24, na choo pia, na pale penye mashine ya kupima mwili mzima analazwa au anakaa mbele yake. Ila kuna aina ya mionzi inaitwa alfa, hii haiwezi hata kuvuka ngozi, ikiwa ndani ya mwili kile kipimo cha kushika mkononi hakioni kitu. Alexander Litvinenko, jasusi wa zamani wa Urusi aliyewekewa sumu, alianza kuugua London mwanzoni mwa Novemba 2006 na madaktari wakahangaika naye wiki tatu, kumbe ni poloniamu-210, inayotoa mionzi hiyo ya alfa, ikaja kugundulika kwenye mkojo muda mfupi tu kabla hajafariki tarehe 23. Ndo maana mkojo haudharauliwi.

Swali: Kwani hakuna kidonge kimoja cha kuondoa mionzi yote?

Hakuna kabisa, yeyote anayekuuzia kidonge cha namna hiyo anakudanganya. Kila elementi ina tabia yake ndani ya mwili na dawa inafuata tabia hiyo.

Iodini-131 inakimbilia tezi ya thairoidi iliyopo shingoni. Unapewa potasiamu iodaidi, hii ni iodini safi isiyo na mionzi, tezi inajaa na ile mbaya ikifika inakuta hakuna nafasi, inatoka na mkojo. Mtu mzima ni miligramu 130, mtoto wa miaka 3 mpaka 18 kwa kawaida 65, na wadogo zaidi wanapewa pungufu ya hapo. Muda ndo kila kitu hapa, inafaa imezwe kabla kidogo ya kukutana na mionzi au ndani ya masaa machache baadaye, ukishapitisha siku nzima faida inakuwa imeisha. Mwaka 1986 baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, Poland iliwapa iodini watoto zaidi ya milioni 10. Ila hiki kidonge kinalinda tezi tu, hakizuii sisiamu wala plutoniamu wala mionzi inayokupiga kutoka nje.

Sisiamu-137 yenyewe mwili unaichukulia kama potasiamu, inasambaa kwenye misuli mwili mzima, inamwagwa kwenye utumbo kupitia nyongo alafu inafyonzwa tena, ni mzunguko. Dawa yake inaitwa bluu ya Prussia, ni ileile rangi ya buluu ya wachoraji ila imetengenezwa kwa kiwango cha dawa, usije ukanywa ya dukani. Yenyewe haiingii kwenye damu, inakaa utumboni inaisubiri sisiamu, inaikamata na kutoka nayo kwenye choo. Bila dawa nusu ya sisiamu inachukua siku kama 110 kutoka mwilini, ukiwa na dawa zinashuka mpaka 30 hivi. Choo kinakuwa cha buluu, usishtuke, na kinaweza kuwa kigumu.

Dawa hii ilionekana thamani yake Goiânia, Brazil, mwaka 1987. Watu walichukua kifaa cha tiba ya saratani kwenye kliniki iliyotelekezwa, wakakivunja kwa ajili ya vyuma chakavu, ndani wakakuta unga wa sisiamu-137 unaong'aa buluu gizani, ulikuwa mzuri machoni basi wakagawiana mpaka wengine wakajipaka mwilini. Walipimwa watu zaidi ya 112,000, wakakutwa 249 wana uchafu wa mionzi na wanne wakafariki, mmoja ni mtoto wa kike wa miaka 6 aliyekula huku mikono ina ule unga. Watu 46 walipewa bluu ya Prussia. Nikifikiria yule mtoto naumia sana.

Plutoniamu na amerisiamu zinakwenda ini na mifupa. Hapo inatumika dawa inayoitwa DTPA kwa dripu, inazishika kwenye damu na kuzitoa na mkojo, siku ya kwanza ya aina ya kalsiamu alafu inafuatia ya zinki kwasababu ile ya kwanza inatoa na madini ya muhimu. Ikishaingia kwenye mfupa ni ngumu kuitoa, kwahiyo hawasubiri majibu yote ya maabara. Uraniamu yenyewe inaumiza figo na haitibiwi kwa DTPA, wanampa mgonjwa sodiamu baikaboneti ili mkojo usiwe na asidi. Tritiamu ni haidrojeni yenye mionzi, mwilini kwa kawaida inakuwa sehemu ya maji, dawa ni kunywa maji mengi chini ya uangalizi.

Swali: Nikijaza chumvi yenye iodini kwenye chakula au nikinywa ile iodini ya kupaka vidonda?

Usifanye. Chumvi ina iodini kidogo mno, ungekula mpaka ujidhuru na tezi isijae, na iodini ya vidonda ni sumu ukiinywa. Usijitapishe nyumbani pia.

Swali: Matibabu yanachukua muda gani, na je aliyetibiwa ni hatari kwa wenzake?

Bluu ya Prussia ni siku 30 kwenda juu, wanapima mkojo na choo ndo wanaamua. DTPA inaweza kwenda miezi au miaka. Harold McCluskey alikuwa na miaka 64 mwaka 1976 wakati amerisiamu ilipomlipukia usoni kazini Hanford, kituo cha nyuklia huko Marekani, akaingiwa na kiasi kikubwa mno, akatibiwa kwa DTPA kwa muda mrefu na akaishi miaka 11 mingine, kilichomuua ni ugonjwa wa moyo aliokuwa nao tangu kabla ya ajali. Aliporudi nyumbani marafiki na waumini wenzake walimkwepa, mpaka mchungaji akasimama kuwaambia ni salama kukaa naye.