Kinga dhidi ya nini?

Mvua za mwaka zikianza hapa Mombasa, kila nyumba ina mwenye mafua, na kila mwenye mafua huambiwa kauli ile ile: "Kinga yako imeshuka." Juzi nimeisikia tena Marikiti. Mama mmoja alikuwa akinunua tangawizi na ndimu, huku akijifuta pua kwa ncha ya leso, na muuzaji akamwambia, "Chukua na habasoda, mamangu, ikupandishie kinga." Alisema kwa huruma, wala sina neno naye. Lakini kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Kinga ya mwili ni uwezo wa mwili kukitambua kitu kigeni, kukikabili na, mara nyingi, kukikumbuka. Maana ni hiyo tu.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Mtu hukinga jua kwa kiganja na hukinga mvua kwa mwavuli. Hapo kukinga ni kuzuia. Lakini mvua hiyo hiyo ikinyesha, bibi hutoa ndoo na masufuria, akayapanga chini ya mabati, akakinga maji. Hapo kukinga ni kupokea, kuweka chombo mahali pake ili kinachoanguka kisipotee. Tunaposema kinga ya mwili huwa tunaishika maana ya kwanza peke yake, ile ya ukuta, na ukuta hupimwa kwa kimo: umepanda, umeshuka. Ya pili tumeiacha, nami naona ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi yenyewe. Mwili haukuzibwa. Tunavuta hewa na virusi vilivyomo kila siku, na mwili huvipokea, huvichunguza, kisha huweka alama zao. (Ile methali ya kinga na kinga ndipo moto uwakapo haihusiki hapa, ingawa nimewahi kuisikia ikitajwa kwenye mazungumzo ya chanjo. Kinga cha methali ni kijinga, ukuni wenye moto.)

Hii "imeshuka" nadhani tuliizoea kwa sababu ya UKIMWI, yaani Ukosefu wa Kinga Mwilini. Huko kweli kuna kitu kinachohesabika: VVU huharibu seli za CD4, aina ya chembe nyeupe za damu zinazoongoza kinga, na mgonjwa huweza kuonyeshwa tarakimu yake kliniki. Kwake yeye, kusema imeshuka ni sahihi. Kwa mwenye mafua ya kawaida, kauli hiyo haina mahali.

Kwa sababu mafua kwa sehemu kubwa ni kinga yenyewe ikiwa kazini. Kirusi kikiingia katika seli ya pua, seli hiyo hutoa protini iitwayo intaferoni ili kuzitahadharisha jirani zake. Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliigundua London mwaka 1957, wakichunguza virusi vya homa ya mafua kwenye utando wa yai la kuku. Intaferoni ni miongoni mwa vitu vinavyomletea mtu joto na uchovu. Siku kadhaa baadaye chembe nyeupe zilizokilenga kirusi hicho huongezeka, nyingine zikiua seli zilizoambukizwa, nyingine zikitengeneza kingamwili, yaani protini za kukinasa kirusi hicho.

Wala si kweli kwamba kadiri kinga inavyozidi ndivyo heri. Juni 2020, utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni ilipunguza kwa takriban thuluthi moja vifo vya wagonjwa wa Korona waliokuwa wakipumua kwa mashine. Dawa hiyo hutuliza kinga. Mapafu ya wagonjwa wale yalikuwa yakiumizwa na kinga iliyopitiliza.

Kwa hiyo kinga lazima iulizwe: dhidi ya nini? Aliyeugua surua akapona hakupata kwa hilo kinga ya mafua. Na mafua yenyewe huletwa na virusi vya jamii nyingi. Rinovirusi peke yake ni zaidi ya aina 100. Kisha kuna RSV, kirusi cha njia za hewa ambacho watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, kituo cha utafiti wa tiba hapo jirani Kilifi, wamekifuatilia kwa miaka mingi. Hiki humrudia mtu yule yule tena na tena, kwa kuwa kinga yake hufifia. Walipofuata familia nyumba kwa nyumba waliona kwamba mara nyingi mtoto mchanga huambukizwa na nduguze wanaosoma. Mkubwa hutoka kamasi, mchanga hulazwa. Mbali na njia zake za hewa kuwa nyembamba, mchanga hajakutana na kirusi hicho; ana zile kingamwili tu alizopewa na mamake kupitia kondo la nyuma. Ndiyo maana siku hizi kuna chanjo ya RSV anayochomwa mama akiwa mjamzito.

Yule mama wa Marikiti na anywe tangawizi yake na ndimu, zitamlainishia koo, kisha apumzike. Kinga yake haijashuka. Iko kazini, na ndiyo inayomfanya ajifute pua. Ningependa muuzaji amwambie hivyo, halafu amuulize kama nyumbani kuna mtoto mchanga, ili anawe mikono kabla ya kumpakata na asimkoholee usoni.