Kununua lethi ya zamani: kitanda kwanza, rangi baadaye

Mtu akinitumia picha za lethi (mashine ya kukereza chuma) iliyopakwa rangi mpya na kuniuliza, "Fundi, niichukue?", humjibu anipigie picha ya kitanda, yaani reli za chini za mashine, pale karibu na chaki, kile kishikio chenye taya kinachozungusha chuma. Rangi ni kazi ya nusu siku. Kitanda kilicholika kinataka grainda kubwa, na gharama yake inaweza kupita bei ya mashine yenyewe.

Nyingi ninazoitiwa kuzikagua zimetoka karakana za mashamba ya mkonge, reli na vyuo vya ufundi, na majina ni yaleyale: Colchester na Harrison, zote za Uingereza. Mwili wake ni chuma cha kusubu, yaani kasti. Chuma hiki kina grafiti ndani inayomeza mtetemo, ndiyo maana mashine ya miaka 50 iliyotunzwa inakata laini kuliko lethi nyepesi mpya.

Kibao cha jina hung'olewa, pengine hata kikapigwa kwenye mashine nyingine, kwa hiyo usiishie hapo. Kwenye Colchester tafuta namba ya mashine iliyogongwa kwenye kitanda chenyewe, upande wa kichwa cha nyuma, kile kinachoshikilia ncha ya pili ya chuma. Futa grisi kwa kitambaa chenye dizeli, uisome. Na dalali akikuapia kwamba Colchester ya aina ya Triumph 2000 ni ya mwaka 2000, mwache aape. Ile 2000 ni mizunguko kwa dakika, mwendo wake wa juu kabisa. Student 1800 na Mascot 1600 ni hivyohivyo.

Sasa kitanda. Kareji, ile sehemu inayobeba kisu na kuteleza juu ya kitanda, hushinda kutwa mbele ya chaki, na hapo ndipo panapolika. Pitisha ukucha ukikatisha njia ya kareji: ukinasa kwenye ngazi, pamelika. Kisha sogeza kareji karibu na chaki, kaza kidogo bolti ya kuifungia mpaka iwe nzito kuisukuma, halafu izungushe kuelekea kichwa cha nyuma. Ikienda kwa uzito uleule, kitanda kiko sawa. Ikigoma njiani, ujue huku mbele pameshuka, na shafti ndefu utakayokereza haitatoka na kipenyo kimoja. Kulika kidogo hakunitishi, hasa kwa karakana ya bushi na pini fupi. Kinachonitisha ni muuzaji anayekataa nisiguse hiyo bolti.

Spindo, mhimili unaozungusha chaki, ni rahisi zaidi: funga chuma kinene kwenye chaki, weka dayo geji (saa ya kupima mchezo mdogo) juu yake, kiinue kwa mkono. Sindano ikicheza, uliza kama beringi zinakazika au zimekwisha. Washa, pitia gia zote moja moja, tena kwa mwendo wa chini na wa juu. Ukisikia mlio wa kugonga unaojirudia kila mzunguko, kuna jino limevunjika. Angalia pia kioo cha oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Kasti haikunjiki, hupasuka. Tafuta mstari wa rangi ya dhahabu chini ya rangi, hiyo ni shaba iliyochomelewa kuziba ufa. Kwenye mguu naweza kuuvumilia. Kwenye kichwa cha gia, kile chenye spindo na chaki, naaga.

Halafu hesabu vilivyokuja na mashine: chaki ya taya tatu na ya taya nne, stedi (kishikio cha kuzuia shafti ndefu isicheze), gia za kubadilisha. Muhimu kati yake ni gia ya meno 127 kama skrubu ya kuongozea, ile ndefu inayovuta kareji wakati wa kukata nyuzi za skrubu, ni ya inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, na mara tano yake ni 127, hivyo gia hiyo ndiyo inayokuruhusu kukata nyuzi za milimita kwa usahihi. Kuisaka baadaye ni mateso.

Soma kibao cha mota pia. Kama hauna umeme wa njia tatu na unategemea inveta ya volti 220 (kifaa cha kugeuza umeme wa kawaida kuwa wa njia tatu), mota iliyoandikwa 415 peke yake haitakufaa bila kubadilishwa au kusukwa upya.

Lethi kama hizi huzidi nusu tani, na uzito uko upande wa kichwa cha gia. Ukiinyanyua, sukuma kareji mpaka mwisho wa pili ili isawazike, fungia mkanda kwenye kitanda, na hakikisha haugusi skrubu ya kuongozea, maana ikipinda, hata nyuzi za bolti hutakata.