Je, wajua kwa nini taa za gari la zamani hufifia hata ukiziwekea balbu mpya?

Mtu mwenye gari la miaka thelathini akiona usiku barabara haimulikwi vizuri, hukimbilia balbu. Ananunua mpya, anaifunga, na mwanga unabaki wa njano uleule. Hapo anashuku kwamba balbu ni bandia au betri imechoka, kumbe mara nyingi vyote viwili ni vizima. Umeme unapotelea njiani kati ya betri na balbu, na unaweza kuupima huo upotevu kwa dakika chache kabla hujanunua chochote.

Mwaka 1827 Mjerumani Georg Ohm alichapisha kanuni inayotawala jambo hili: volti zinazopotea katika waya ni mkondo mara ukinzani, yaani kiasi ambacho njia inauzuia umeme kupita, kinachopimwa kwa omu. Balbu mbili za mbele za wati 55 kila moja, katika mfumo wa volti 12, huvuta pamoja ampea 9 hivi. Ukinzani wa omu 0.1 njiani, ambao ni mdogo kiasi kwamba hungeudhania kitu, unameza volti 0.9. Na balbu yenye uzi wa tangsteni haisamehi: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30, kwa sababu uzi usiopata joto lake kamili hutoa mwanga kidogo, tena mwekundumwekundu. Ndiyo maana magari ya volti 6 yalisumbua zaidi. Kwa wati zilezile yalihitaji mkondo maradufu, hivyo kasoro ileile ya omu 0.1 iliyachukulia karibu theluthi ya volti zake. Volkswagen Beetle za soko la Marekani zilihamia volti 12 kuanzia toleo la 1967.

Ukinzani huo unatoka wapi? Shaba iliyo ndani ya waya haizeeki upesi. Kinachozeeka ni maungio. Maji huingia kwenye soketi na shaba hushika ukungu wa kijani. Vishikizo vya ndani hulegea. Katika magari mengi ya zamani, mkondo wote wa taa hutoka kwenye betri, huingia hadi swichi ya dashibodi, hupita swichi ya kubadilishia taa kali na hafifu, kisha hurudi mbele. Kila swichi inapowashwa au kuzimwa, cheche hula kidogo nyuso za ndani zinazogusana. Mbaya zaidi, volti zilizopotea hugeuka joto: volti 0.9 kwa ampea 9 ni wati 8 hivi, na zikikusanyika katika soketi moja ya plastiki huibabua, huilegeza, na ukinzani huongezeka tena. Ukiona soketi imegeuka rangi ya kahawia, hapo ndipo pa kuanzia.

Wengi hupima waya kwa kuuchomoa na kusoma omu kwenye mita. Kipimo hicho kinadanganya. Mita hupitisha mkondo mdogo mno, na waya uliobakiwa na nyuzi mbili kati ya thelathini utasomeka mzima. Pima waya ukiwa kazini, yaani ukipitisha umeme wa taa. Washa injini, washa taa, balbu ikiwa imechomekwa na inawaka. Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine nyuma ya soketi kwenye waya unaoleta umeme kwa balbu. Namba utakayosoma ndiyo volti zinazopotea. Ikizidi 0.5, kuna kazi ya kufanya. Kisha pima upande wa pili, kutoka waya wa ethi wa balbu, yaani ule unaorudisha umeme kupitia bodi, hadi hasi ya betri; huko hata 0.2 inatosha kukutia shaka.

Upande huo wa ethi ndio unaosahaulika zaidi, nami naona ndio unaostahili kuangaliwa kwanza kwa sababu tiba yake ni rahisi. Bodi ya gari ndiyo njia ya kurudishia umeme kwenye betri. Kutu au rangi ikiingia kati ya kichwa cha waya na bodi, umeme hutafuta njia nyingine kupitia balbu za jirani. Ukikanyaga breki na indiketa ikawaka kwa unyonge, au taa ya nyuma ikazimika, usibadilishe balbu. Fungua bolti ya ethi, kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu yake kuzuia maji. Kabla ya kugusa nyaya, ondoa kichwa cha hasi cha betri kwanza: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umetengeneza shoti kamili.

Ethi ikishakuwa safi, maboresho yenye faida kubwa kwa taa ni rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme. Waya wa zamani uliokuwa ukibeba ampea 9 sasa unawasha sumaku ndogo ndani ya rilei, inayohitaji chini ya robo ampea. Sumaku hiyo inaunganisha njia mpya na fupi kutoka betri hadi taa. Kwenye rilei nyingi, namba 85 na 86 ni za sumaku, 30 hupokea umeme wa betri, na 87 huupeleka kwenye taa. Taa hafifu na taa kali kila moja huwa na rilei yake. Waya wa milimita mraba 2.5 na fyuzi ya ampea 15 vinafaa kwa jozi ya balbu hizo. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, maana kazi yake ni kuulinda waya usiungue, na kipande kinachotangulia fyuzi hakina ulinzi wowote.

Wenye kutaka LED waanzie taa za ndani, zenye madhara machache. Kwenye indiketa, LED huvuta mkondo mdogo sana, na flasha ya zamani, kifaa kinachofanya indiketa ipepese, huchukulia kwamba balbu imeungua ikapepesa haraka. Dawa yake ni flasha ya kielektroniki isiyotegemea mzigo. Kwenye taa kubwa, kioo cha kuakisi mwanga kilicho nyuma ya balbu kilichongwa kwa ajili ya uzi uliokaa mahali maalumu, hivyo LED iliyopachikwa humo mara nyingi humwaga mwanga machoni mwa anayekuja mbele, na nchi nyingi zimeikataza.