Mwezi wako na kazi yako: shika daftari, achana na ule mchoro wa WhatsApp

Kuna mchoro unaozunguka katika magrupu ya wamama wa Lubumbashi. Ni duara lenye rangi nne. Wiki ya kwanza pumzika, ya pili buni miradi, ya tatu omba nyongeza ya mshahara maana sauti yako inavutia, ya nne panga mafaili na usibishane na mtu. Wagonjwa wananionyesha kwenye simu na kuniuliza, "Dokta, hii ni kweli?" Mimi ni daktari wa wanawake, na swali hili nimechoka kulijibu mmoja mmoja.

Msingi wake wa homoni ni wa kweli. Damu ikishaanza, estrojeni hupanda polepole, yai hutoka, kisha projesteroni hushika usukani kwa takriban wiki mbili. Zote mbili zikishuka, damu inarudi. Joto la mwili nalo hupanda kidogo baada ya yai kutoka, kama nusu digrii au chini ya hapo. Lakini mchoro umechorwa kwa siku 28, na kwa mwanamke mzima mzunguko wowote wa kati ya siku 21 na 35 ni wa kawaida. Sehemu inayorefuka na kufupika zaidi ni ile iliyo kabla ya yai kutoka. Mwenye mzunguko wa siku 33 akiufuata mchoro huo, ataambiwa yai limetoka siku tano hivi kabla halijatoka. Na anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili hana duara hilo kabisa, kwa sababu vidonge vimezuia yai, na damu anayoiona ni ya kukatiza vidonge tu. Mwenye kijiti mkononi anaweza kupata damu ovyo ovyo au akakosa kabisa.

Tuje kwenye akili, maana ndiko mchoro unakotia chumvi zaidi. Mwaka 2025 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti zaidi ya 100, zenye wanawake karibu 4,000. Waliangalia umakini, ubunifu, lugha na mengine ya namna hiyo, kwa kasi na kwa usahihi. Hawakuona tofauti ya kutegemewa kati ya sehemu moja ya mwezi na nyingine. Mwanamke anayepiga hesabu vizuri tarehe 5 atazipiga vizuri tarehe 25.

Nalikazia hili kwa sababu tunajua maofisi yetu. Mwanamke akikataa kusaini karatasi isiyoeleweka, mtu wa pembeni ananong'ona, "Muache, yuko katika siku zake." Sasa sisi wenyewe tunataka kubandika ukutani ratiba yenye rangi inayosema wiki fulani tusiaminiwe? Mimi sitaki.

Kinachobadilika kweli ni maumivu, damu, usingizi, na kwa baadhi yetu, moyo, yaani hisia. Hayo yanapangika, lakini kwa mwili wako mwenyewe, na chombo ni daftari. Mama mmoja anayekaa kwenye kaunta ya malipo ameniruhusu nionyeshe lake. Kila jioni aliandika mstari mmoja: siku ya ngapi tangu damu ianze, tumbo linauma kiasi gani kati ya 0 na 10, pedi ngapi, amelalaje, kazi imeendaje. "Siku 1: tumbo 7, pedi 5, nimekosea chenji mara moja." "Siku 2: tumbo 8 asubuhi, 3 jioni, pedi 6." "Siku 3: tumbo 1, kazi vizuri." Alikuja akisema kila mwezi anapoteza wiki nzima. Baada ya miezi mitatu daftari likaonyesha siku moja na nusu. Siku zingine zilizomchosha zilikuwa za mwisho wa mwezi wa kalenda, watu wanapojazana kuchukua mishahara, na tumbo halikuhusika.

Siku moja na nusu unaweza kuizunguka. Kama una ruhusa ya kupanga kazi zako, usiweke safari ya Likasi wala mkutano wa saa nne siku hiyo. Kama huna, tibu maumivu mapema.

Hapo kwenye mapema ndipo wengi wanapokosea. Maumivu ya kawaida ya hedhi yanatokana na kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo kizazi hutengeneza ili kujikaza na kusukuma damu. Ibuprofeni huzuia zisitengenezwe. Zikishajaa, dawa inafika kwenye moto uliokwisha kuwaka. Nawaona wamama waliovumilia hadi saa nane mchana, wakameza kidonge kimoja kwa shingo upande, kisha wakasema dawa haiwafai. Meza dalili ya kwanza inapoanza, au jana yake jioni kama daftari lako linaijua tarehe: miligramu 400, tumbo likiwa na chakula, tena baada ya saa 6 hadi 8, kwa siku mbili au tatu. Bila daktari usivuke miligramu 1,200 kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo, pumu inayochokozwa na dawa hizi, au anayehisi huenda ana mimba, asiiguse kabla ya kuuliza. Aspirini iache, inaongeza damu. Na nunua famasi, si kwenye kile kikapu cha vidonge kinachopita juani katika soko la Kenya hapa Lubumbashi.

Joto nalo halijapitwa na wakati. Majaribio yameonyesha kwamba joto la kudumu juu ya tumbo hukaribia ibuprofeni kwa nguvu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kipande cha kikwembe inakaa mapajani chini ya meza bila mtu kuona. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Lubumbashi inapotutesa wote, hata ikionekana hakuna atakayeuliza.

Damu inanihangaisha kuliko maumivu. Wanawake wengi wanaonijia na "wiki ya uchovu" wana upungufu wa damu, na uchovu wao ni wa mwezi mzima; wanautambua tu wakiwa katika siku zao. Damu ikifika mililita 80 kwa hedhi moja, yaani kama vijiko vitano vya mezani, ni nyingi. Hakuna anayepima kwa kijiko, basi angalia hivi: pedi inajaa kwa saa moja au mbili, unaamka usiku kubadilisha, mabonge ya damu yanazidi sentimita mbili na nusu, au damu inapita siku 8. Ukiona mojawapo, omba kipimo cha hemoglobini. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Kwetu malaria na minyoo vinaongeza shida, kwa hiyo usishangae daktari akivitafuta pia.

Chakula kinasaidia. Maini, kapenta, maharagi, lengalenga pembeni ya bukari, na limau juu yake, kwa sababu vitamini C husaidia madini ya chuma ya mboga kuingia mwilini. Chai isubiri saa moja baada ya kula, maana inazuia. Lakini hemoglobini ya 8 haitapandishwa na lengalenga. Hapo ni vidonge vya madini ya chuma, na kutafuta kinachosababisha. Mara nyingi ni fibromu, ule uvimbe wa kizazi ambao si saratani. Zipo dawa za kupunguza damu, upo mpira wa kizazi (kitanzi) wenye homoni, upo upasuaji. Nimeona wafanyakazi wakikemewa kwa uvivu miaka mizima kumbe wanavuja.

Moyo nitaupitia haraka. Hasira na machozi kidogo kabla ya damu ni ya wengi, wala hayamzuii mtu kazi. Wachache hali yao ni nzito: kila mwezi, siku chache kabla ya damu, giza linawafunika hadi wanataka kuacha kazi au kuacha dunia, na damu ikija giza linaondoka. Huo ni ugonjwa unaojulikana, una dawa, na usisubiri mwezi mwingine kuja kuonana na daktari. Kwa wengine wote, ushauri wangu mdogo: barua ya kuacha kazi iliyoandikwa jioni ya namna hiyo ilale kwenye droo siku tatu.

Maumivu yanayokushinda hata ukimeza dawa ipasavyo, au yanayouma pia wakati wa tendo la ndoa au ukienda choo kikubwa, yatazamwe. Endometriosi inawapata takriban mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, na wengi huambiwa "utapona ukizaa".

Wanaopita mpaka wa Kasumbalesa kila wiki huniuliza kuhusu Zambia. Ni kweli, sheria ya kazi ya huko ya mwaka 2019 inampa mwanamke siku moja kila mwezi bila cheti cha daktari na bila kueleza sababu. Hispania ilipitisha yake mwaka 2023. Sheria yetu ya kazi hapa Kongo, ya mwaka 2002, iliyorekebishwa 2016, haina siku hiyo. Je, tuidai? Mimi nasitasita. Japani wanayo tangu 1947, na wanaoiomba hawafiki asilimia 1, kwa sababu kuomba ni kumtangazia shefu tarehe zako. Ningeanza na choo.

Mhandisi anayefanya zamu ya saa 12 mgodini akiwa na ovaroli ya kipande kimoja, choo kikiwa mbali, hana shida ya homoni. Mwalimu ambaye ufunguo wa choo uko mfukoni kwa katibu mwanaume, naye pia. Mtu wa kaunta asiye na wa kumshika nafasi dakika kumi hukaa na pedi moja hadi saa tisa. Andikeni barua moja, msaini wote, hata wale waliokwisha kukoma hedhi: choo chenye komeo ndani, ndoo ya maji siku yakikatika, sabuni, pipa lenye kifuniko, ufunguo uning'inie msumarini, na mtu wa kupokezana kaunta asubuhi na mchana. Neno hedhi halina haja ya kuwamo katika barua hiyo. Shefu akiuliza sababu, mwambieni ni usafi.